Pai Baada ya Hoja ya Ishirini na Saba

Kwa miaka thelathini na moja niliwapikia watu wa Tolbury chakula cha mchana cha Mkutano wa Mji, na kwa miaka hiyo thelathini na moja sikupiga kura hata moja. Msinionee huruma bado. Huruma mtaniletea baadaye, kwanza nimalize hasira.

Huku kwetu Vermont, mji mdogo kama wetu hauna meya. Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado magotini, kila mwenye jina kwenye daftari la wapiga kura anaingia ukumbini na kadi yake ya njano ya kupigia kura, anakaa kwenye kiti cha chuma kinachogandisha makalio, na bajeti ya mwaka mzima inapigiwa kura hoja kwa hoja, kwa mikono, mpaka iishe. Wageni wanaohamia kutoka mijini wanatuambia hakuna demokrasia safi kuliko hiyo. Huenda ni kweli. Mimi niliijua kwa masikio tu, tena kupitia ubao.

Ubao wenyewe ni wa dirisha la kupakulia, lililo kati ya jiko na ukumbi. Unaupandisha ukitaka kutoa sahani, unaushusha ukimaliza. Sasa Alden Peaslee, mwenyekiti wa mkutano, hawezi kuvumilia kelele za sufuria. Kila mwaka, kabla hata hajagonga nyundo yake, anageuza shingo na kusema, "Akina mama, mtatuwia radhi. Dirisha." Hapo Gregory Feldkamp, mstaafu aliyehamia kutoka Hartford, ambaye hukaa kiti kilicho karibu kabisa na dirisha ili awe wa kwanza kwenye foleni, anainuka na kuushusha ubao taratibu, kwa adabu zote. Sisi tunabaki huku na maharage, wao kule na mamilioni.

Tulikuwa watatu jikoni. Bernice Colby, miaka themanini na mbili, hakuna anayemfikia kwa ukoko wa pai, na mdomo wake hauna breki. Junie Hathorn, mke wa mtoto wa Royce Hathorn, diwani wetu mkuu. Huyo Junie huomba samahani hata akigonga mlango. Na mimi, Verna Tatro, mjane wa Armand, mwenye ng'ombe thelathini na wanane upande wa pili wa kijito cha Pike.

Kijito hicho kina daraja, na daraja hilo ndilo lililonitoa roho mwaka ule. Vuli iliyotangulia alikuja mkaguzi wa jimbo, akagonga nguzo na nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akachomeka kibao: mwisho tani sita. Lori la maziwa likiwa tupu tu linazidi hapo. Kampuni ya maziwa ikaniandikia barua ya heshima kwamba dereva wao hatavuka tena baada ya tarehe thelathini Aprili. Maziwa si kuni, jamani, kwamba utayarundika nje ukingoja daraja. Lori lisipokuja siku mbili, tangi limejaa na unamwaga. Bila lori sina ng'ombe, na bila ng'ombe mimi ni kikongwe tu anayekaa mbali.

Duke Lavigne, msimamizi wa barabara za mji, alikuja kulitazama daraja, akatema mate mtoni. "Vyuma vipya, Verna. Dola elfu arobaini na mbili. Wakinipa hela mwezi wa tatu, nitakuwa nimemaliza kabla lori halijakoma. Wakichelewesha, mimi si mchawi."

Kwa hiyo maisha yangu yakaingizwa kwenye bajeti, na orodha ya hoja ilipotoka nikakuta nimewekwa ya ishirini na saba. Nikamfuata Royce dukani, ameshika kopo la kahawa.

"Royce, kwa nini mimi wa mwisho?"

"Si wewe, Verna, ni daraja. Na si la mwisho, kuna ya ishirini na nane."

"Ya ishirini na nane ni ile ya kuwashukuru akina mama wa jikoni."

"Enhe. Basi unaona? Uko mara mbili," akasema, akanipigapiga begani kama anayembembeleza ndama.

Nilijua maana ya ishirini na saba kuliko yeye. Juu ya sinki la jikoni kuna dirisha linalotazama maegesho ya magari. Miaka yote hiyo nikiosha vyombo nimeona jambo lile lile: watu wakishamaliza pai, magari ya kazi yanaondoka. Wakata miti wanaondoka, mafundi bomba wanaondoka, wachemshaji wa utomvu wa miti ya mepo, unaopikwa kuwa sharubati, wanakimbilia mitungi yao kwa sababu mwezi wa tatu ndio wakati wake. Hao ndio wanaoishi milimani, wanaojua daraja ni nini. Wanaobaki ni wastaafu wa pale kijijini kati, wenye lami hadi mlangoni, wasio na mahali pa kwenda mpaka saa ya chakula cha jioni. Hoja za mchana hupitishwa na hao.

Na Royce alikuwa na hoja yake aipendayo, ya kumi na tisa: kibao kipya cha kuingilia mjini, cha mbao ya kuchonga, herufi za dhahabu, maneno "Karibu Tolbury, Mji wa Wafugaji", na ng'ombe wa dhahabu juu yake. Dola elfu kumi na tisa. Mji wa wafugaji! Tulibaki mfugaji mmoja na nusu, na ile nusu ni Pete Stannard mwenye mbuzi. Mwezi wa pili walimtuma msichana mmoja na kamera kuja kwangu kumpiga picha Odile, ng'ombe wangu mkubwa, ili mchongaji apate sura. Msichana alikuja kwa gari dogo, akavuka daraja bila wasiwasi. Odile akasimama vizuri kabisa, maskini, kama anajua anapigwa picha.

Usiku siku hizo nilikuwa nikikanda unga nikifikiria, na katika kukanda ndipo akili ilipokuja. Nikampigia Bernice.

"Pai tunatoa saa ngapi mwaka huu?"

"Saa sita na nusu, kama siku zote. Unaumwa?"

"Vipi tukizitoa baada ya hoja ya ishirini na saba?"

Nikamsikia Bernice akicheka mpaka akakohoa. "Verna Tatro," akasema, "ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Jumanne ikafika. Tulikuwa na pai ishirini na sita: za tufaha, za boga, za malai, na mbili za zabibu anazozipenda Alden. Tukazifungia kwenye kabati la vyombo, Bernice akatia ufunguo kifuani, mahali ambapo hakuna mwanamume wa Tolbury angethubutu kuutafuta. Alden akasema maneno yake, Feldkamp akaushusha ubao. Ila Bernice alikuwa amelaza mwiko chini yake, kwa hiyo ukabaki ufa wa kidole. Tusione, lakini tusikie.

Hoja ya tatu, barabara zote za mji, dola milioni moja na laki mbili. Junie alikuwa ameanza kumenya kiazi. Kabla hajakimaliza ikawa imepita. Hakuna aliyeuliza hata senti. Milioni na laki mbili, ndiyo, asanteni, inayofuata.

Inayofuata ilikuwa kiti kipya cha karani wa mji, Winifred Oakes. Dola mia mbili na arobaini. Hapo mji mzima ukaamka.

"Cha sasa kina ubaya gani?"

"Kimevunjika mguu."

"Hata mke wangu alivunjika mguu, sikununua mwingine."

Vicheko. Mwingine akasimama: "Mimi ghalani kwangu kuna kiti kizuri. Nautolea mji bure."

"Hicho chako kina panya, Orrin."

"Walishahama!"

"Walihamia kwangu! Nitakupa na anwani."

"Bwana mwenyekiti, tuunde kamati ya watu watatu waende ghalani kwa Orrin wakakikague."

Lisaa limoja na dakika kumi. Mwisho wakapunguza ikawa mia moja na themanini, na Winifred, ambaye alikuwa akiandika kumbukumbu zote hizo akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akaambiwa atafute cha bei hiyo mwenyewe. Bernice alikuwa ameegemeza sikio kwenye ufa, anafuta machozi ya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu hoja zilizobaki.

Saa sita tukapandisha ubao. Maharage yaliyookwa tangu jana yake, mapaja ya nguruwe ya kukausha kwa moshi, mkate mweusi, kachumbari ya kabichi. Wakala kama walikuwa kifungoni. Halafu Royce akaja dirishani na sahani yake tupu, tabasamu sikio kwa sikio.

"Haya, Bi Verna. Pai."

"Pai ni baada ya hoja ya ishirini na saba," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma.

Mwanzoni walidhani natania. Kisha wakamwona Bernice amekunja mikono mbele ya kabati.

"Huu ni utekaji nyara!" Royce akasema. "Pai ni mali ya mkutano!"

"Unga wangu, tufaha zangu, siagi yangu," nikamjibu. "Nionyeshe mji ulinilipa lini."

"Junie! Mwanangu, hebu niletee kipande."

Junie akawa mwekundu mpaka masikioni. "Samahani, baba," akasema. "Hata wewe utasubiri."

Ukumbi ukalipuka. Alden akafungua kitabu chake cha kanuni za mikutano, akapekua mbele, akapekua nyuma, jasho linamtoka. "Hakuna kifungu cha pai," akatangaza mwishowe. "Naamua kwamba jiko liko nje ya mamlaka ya kiti hiki."

Duke akapiga kelele kutoka nyuma, "Basi tukae, jamani! Nani anaondoka na pai za Bernice zimo humu ndani?" Na kweli, nikatazama dirisha la juu ya sinki: hakuna gari lililotikisika. Wakata miti, mafundi, wachemsha utomvu, wote wakarudi vitini. Mwenzenu nikafurahi. Mara ya kwanza tangu Armand afe, nilihisi kifua kimepanuka.

Sikujua mtu anayesubiri pai ni mtu wa namna gani. Sasa najua. Mtu anayesubiri pai husema ndiyo kwa kila kitu.

Hoja ya kumi na nne, taa mpya za gari la zimamoto: ndiyo! Ya kumi na tano, kupaka rangi kibanda cha bendi ambayo haijapiga muziki miaka sita: ndiyo! Ya kumi na saba, utafiti wa kuchunguza kama mji unahitaji utafiti wa maegesho: ndiyo, harakisha! Ile ya kumi na tisa, kibao cha Royce, hoja ambayo mwaka wa nyuma wakata miti waliizika kwa matusi, ilipita kwa pumzi moja. Royce mwenyewe alikuwa amesimama na hotuba ya kurasa nne mkononi. Wakamwambia, "Kaa chini, imepita!" Akakaa amechukia kwamba ameshinda bila kusoma.

Hoja kumi na tatu kwa dakika ishirini na tano. Jikoni Bernice alikuwa akipiga makofi. Tukaingiza pai za tufaha kwenye oveni zipate moto, maana zilikuwa zimebaki dakika chache.

Hapo ndipo aliposimama Wendell Crandall wa kamati ya fedha, na penseli yake. Wendell ni mtu anayekunja foili iliyotumika na kuihifadhi.

"Bwana mwenyekiti, nimejumlisha. Tangu tumalize kula, kodi ya kila nyumba imepanda kuliko ilivyopanda miaka mitano ukichanganya. Tumepata wazimu. Lazima tubane."

Mnong'ono ukapita. Mtu akauliza, "Tubane wapi? Si zimeshapita?"

"Tunabana palipobaki," Wendell akasema, akatazama karatasi yake. "Palipobaki ni ishirini na saba."

Nilivua aproni, nikapita mlango wa jiko, nikaingia ukumbini. Kadi yangu ya njano ilikuwa mfukoni, bado mpya, haina hata kunjo.

"Daraja hilo linatumiwa na watu wangapi?" akauliza bwana mmoja wa pale kati.

"Mmoja," akajibu mwingine.

"Elfu arobaini na mbili kwa mtu mmoja!"

"Na ng'ombe thelathini na wanane!" Duke akafoka.

"Ng'ombe hawalipi kodi."

"Wanalipa kuliko wewe! Mashamba yake yanalipa mara mbili ya nyumba yako!"

Mama mmoja mwenye skafu nzuri akauliza kwa upole kama siwezi kuyavusha maziwa kwa ndoo, jambo ambalo alidhani lingependeza sana kwa watalii. Mwingine akapendekeza kama tunajenga, basi tujenge daraja la mbao lenye paa, la kizamani, kwa dola laki tatu. Wendell akashika kichwa.

Alden akanipa nafasi. Sikuwa nimewahi kusema katika ukumbi ule bila mwiko mkononi, na sikujua mikono niiweke wapi.

"Mnanijua," nikasema. "Nyinyi nyote mmekula mkononi mwangu. Sijawahi kuomba kitu. Armand aliunga mkono gari la zimamoto wakati sisi tuko mbali kiasi kwamba nyumba yetu ingekuwa majivu kabla halijafika. Tulilipa kodi ya shule na hatukujaliwa mtoto. Sasa naomba daraja. Nusu saa iliyopita mmepitisha ng'ombe wa dhahabu. Yule mmempiga picha kwangu! Anaitwa Odile, yuko hai, anakamuliwa saa kumi leo, na mkisema hapana nitamuuza. Ndiyo hayo tu. Nina hasira na nina hofu, na sijui ipi kubwa."

Niliona nyuso zikilainika, niliona hata Feldkamp akivua miwani. Nilisema moyoni, Armand, tumepata.

Halafu nikasikia harufu.

Ukoko ukianza kuungua una harufu yake, na mimi naijua kabla ya moshi. Kule jikoni Bernice na Junie walikuwa wamepandisha ubao, wamesimama dirishani wakinisikiliza na kulia, wameisahau oveni. Nikamsikia Bernice, "Mungu wangu, za tufaha!" na bati likaanguka. Na miguu yangu, miguu hii ya kipumbavu, ikageuka. Sikuiamuru. Miaka thelathini na moja ya kukimbilia oveni ilinibeba mpaka jikoni kabla akili haijauliza kulikoni. Nikashika vitambaa, nikavuta sinia, moshi tele, Junie anapepea na aproni, Bernice anatukana oveni na ukoo wake wote.

"Akina mama, mtatuwia radhi," nikasikia Alden. "Dirisha."

Na ubao ukashuka. Katika vurugu ile mwiko ulikuwa umeanguka, kwa hiyo safari hii haukubaki hata ufa.

Tulipookoa pai ya mwisho na kupandisha ubao, Alden alikuwa anasoma kikaratasi. "Wanaounga mkono, sitini na sita. Wanaopinga, sitini na wanane. Hoja ya ishirini na saba imeanguka." Kisha, bila hata kumeza mate, "Na kabla ya pai tunazozisubiri kwa hamu, hoja ya ishirini na nane: mji uwashukuru kwa dhati akina mama wa jikoni. Wanaounga mkono?"

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi, miluzi, kadi za njano juu kama shamba la alizeti. Watu wanatutazama kwa mapenzi, wanatabasamu, wengine waliokuwa wamenipinga dakika moja iliyopita ndio waliokuwa wakipiga makofi kwa nguvu zaidi.

"Wanaopinga?" Alden akauliza, kwa desturi tu, nyundo imeshainuka.

"Mimi," nikasema.

Nyundo ikabaki hewani. Nilikuwa nimeinua kadi yangu dirishani. Ilikuwa na alama ya kidole changu, cha masizi.

"Bi Verna, hii ni shukrani. Ni ya kwenu."

"Nimeisikia. Napinga. Winifred, andika."

"Na mimi," Bernice akasema, akainua yake.

Nilidhani tumeishia hapo. Lakini Junie alimtazama baba mkwe wake moja kwa moja, akainua kadi juu kuliko sisi wote. "Na mimi. Na sisemi samahani."

Makofi yakafifia. Feldkamp, ambaye bado alikuwa amesimama kando ya ubao, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwanza mkono mmoja, kisha uso wake ukabadilika.

"Bwana mwenyekiti," akasema. "Sitini na sita. Na hawa ni watatu. Ni sitini na tisa."

"Hawa wanapinga shukrani, bwana Feldkamp."

"Nazungumzia daraja! Wenzangu, daraja lilikuwa limeshinda! Walikuwa jikoni. Mimi ndiye niliyeshusha ubao." Akageuka kwangu. "Bi Verna, mimi nilipiga kura ya ndiyo. Halafu nikakufungia."

"Turudie kura!" Duke akapiga kelele. "Turudie!"

Alden akafungua kitabu. Safari hii hakutafuta sana. "Sheria inasema," akasema, na sauti yake haikuwa ya raha, lazima nimpe haki yake, "hoja iliyoamuliwa hairudiwi mkutano ukishaanza kujadili hoja nyingine."

"Tumejadili nyingine ipi?"

Alden akashusha macho. "Shukrani," akasema.

Niliwapa pai zao. Msishangae, niliahidi baada ya ishirini na saba, na ishirini na saba ilikuwa imepita. Wakapanga foleni kimya, macho kwenye sahani. Wengine hawakula. Royce alikula. Aliniambia kingo zilizoungua kidogo zinaleta utamu wake.

Bernice na Duke walizunguka na karatasi ya sahihi nyumba kwa nyumba ili kura ipigwe upya, na sahihi zikapatikana nyingi kuliko zilizohitajika. Madiwani wakaita mkutano wa pili tarehe kumi na tisa Mei, kwa sababu kabla ya hapo Royce alikuwa safarini Florida. Daraja likapita kwa kura mia moja na kumi na tano kwa nne. Wakasimama, wakanipigia makofi. Ng'ombe wangu walikuwa wameshauzwa tarehe ishirini na tisa Aprili. Mnunuzi hakuweza kuvuka na lori kubwa, kwa hiyo tuliwavusha wawili wawili kwa tela dogo la Duke, safari kumi na tisa. Odile alikuwa wa mwisho. Niliegemea lango nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Leo nina daraja la tani ishirini na sina kitu cha kupitisha juu yake. Kibao kilisimamishwa mwezi wa saba, kizuri, siwezi kukataa. Mchongaji alimpatia Odile mpaka lile sikio lake lililokatika ncha.

Machi iliyofuata nilikwenda mkutanoni kama mtu mwingine yeyote. Nilikaa safu ya pili, Bernice kushoto kwangu, Junie kulia. Jiko lilikuwa tupu, ubao uko juu, na nyuma yake giza na baridi. Kwenye bajeti palikuwa na mstari mpya, hoja ya kumi na moja: chakula cha mchana cha mkutano, cha kuagizwa kutoka mji wa jirani, dola elfu nne na mia mbili.

Walibishana karibu saa mbili. Elfu nne! Kwa maharage? Watu wangapi? Pai zimo? Pai hazimo? Orrin akasema ghalani kwake kuna sufuria. Wendell akaomba takwimu za miaka iliyopita zisomwe, na Winifred, juu ya kiti chake cha mia moja na themanini ambacho tayari kilikuwa kinalia, akapekua madaftari ya miaka thelathini na moja na kusema kwa sauti ndogo kwamba hakuna kilichoandikwa. Sifuri kila mwaka.

Royce akanigeukia kutoka mezani kwa madiwani, tabasamu lile lile. "Labda Bi Verna atatusaidia. Bi Verna, una la kusema?"

Nikasimama. Nikausikia upepo unavyopuliza kutoka jikoni.

"Ninalo," nikasema. "Bwana Feldkamp, utaniwia radhi. Dirisha. Linatuletea baridi."

Feldkamp akainuka, akaushusha ubao taratibu, kwa adabu zote. Nami nikakaa, nikatoa kadi yangu, nikangoja wapige kura.